Maswali ya wasomaji: Kwanini gemu za fantasia zinaturudisha kila siku kwenye mapanga na ngome?

Safari hii barua nyingi zimekuja kuhusu gemu za kuvaa uhusika, zile za mezani na zile za kwenye kompyuta, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti. Nimechagua nne.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi nipo chuo hapa Dodoma, tuna kikundi cha watu watano tunacheza gemu za mezani, kila mtu ana mhusika wake na mmoja wetu ndo anasimulia, mambo magumu yanaamuliwa na dadu. Mwaka huu nikasema zamu yangu, nikaandaa dunia ya anga za juu, sayari, vyombo, maroboti, nimechora mpaka ramani. Wakacheza mara mbili tu wakaanza kuulizia eti tunarudi lini kwenye majoka. Roho iliniuma kusema ukweli. Kwanini watu wanang'ang'ania zama za kati wakati wengi wao hata hiyo historia ya Ulaya hawaijui? Ni uvivu au kuna kitu sikioni?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole sana, kuandaa dunia nzima si mchezo na watu hawajui mtu anakesha kiasi gani. Ila wenzako sio wavivu, kuna kitu wanakipata kwenye majoka ambacho chombo chako cha anga kimewanyima, na nikikuonyesha nadhani utaweza kukirudisha bila kuacha sayari zako.

Historia tuimalize haraka. Gemu hizi zimezaliwa Marekani kwa watu waliokuwa wanapigana vita mezani kwa vinyago vidogo vya askari. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa sheria zinaitwa Chainmail, vita vya zama za kati, wapanda farasi na wapiga mishale, na mwishoni wakaongeza sehemu ya majoka na wachawi. Dave Arneson kule Minnesota alizitumia akiwapeleka wachezaji wake kwenye mashimo ya chini ya ngome ya kubuni inaitwa Blackmoor, na badala ya mtu kuongoza jeshi akawa anaongoza mtu mmoja tu mwenye jina lake na uhai wake. 1974 Gygax na Arneson wakatoa Dungeons & Dragons, toleo la kwanza nakala 1000 tu. Waliokuja baadae wakajenga juu ya hapo, na kwenye kompyuta ni hivyo hivyo, Ultima na Wizardry za 1981, Dragon Quest ya Wajapani 1986, mpaka Skyrim ya 2011 na Baldur's Gate 3 ya 2023.

Lakini mazoea peke yake hayaelezi kitu. David Wesely alishawachezesha watu mtindo wa namna hii mwaka 1969, Braunstein, mji mdogo wa Ujerumani enzi za Napoleon, na hakukuwa na joka hata moja. Na gemu ya anga za juu inaitwa Traveller ilitoka 1977, miaka mitatu tu baada ya Dungeons & Dragons, nzuri kweli na mpaka leo ina watu wake. Yaani wachezaji walikuwa na pa kuchagua mapema kabisa, na wengi wakachagua upanga.

Sasa jiulize swali la kawaida tu. Zimwi limeshambulia kijiji. Kama ni leo mtu anapiga simu, polisi wanakuja, wakishindwa linakuja jeshi, na wale wachezaji wako watano wanabaki nyuma ya utepe kama watu wengine waliokuja kushangaa. Zama za kati mtawala yupo safari ya siku nne, taarifa lazima ibebwe na mtu, na kwenye sheria za Dungeons & Dragons za 2014 mwendo wa kawaida ni kama kilomita 38 kwa siku nzima ya kutembea, sasa piga hesabu ya kwenda na kurudi uone hicho kijiji kitakuwa kimebaki nini. Kwahiyo wale watano ndo msaada wenyewe, hamna mwingine. Hicho ndo wenzako wanakikumbuka wakisema majoka, wanakumbuka kuwa walihitajika.

Angalia na mwenge. Kwenye sheria hizo hizo mwenge unawaka saa moja, unamulika vizuri mita 6 kila upande na 6 nyingine kwa giza giza, basi. Anayeushika mkono mmoja umeshatoka, hana ngao au hana upanga. Mmeingia shimoni na miwili mnaiwasha, minne mmebeba, mnasikia kitu kinakwaruza mbele na mmetumia nusu, hapo kikundi kizima kinaanza kubishana turudi au tuendelee, mmoja anasema nauzima huu tutembee gizani, mwingine anasema ukiuzima mi natoka. Msimulizi hajasema neno hata moja na watu wameshaanza kutoka jasho. Halafu linganisha na chombo chako, mlango haujafunguliwa na kompyuta imeshawaambia ndani kuna viumbe vitatu na hewa inafaa. Nimeona meza nyingi zikifa kwa kompyuta ya aina hiyo, msimulizi anaiweka kwa nia njema kabisa kumbe amewanyang'anya wenzake shughuli.

La pili ni kwamba kila mtu anajua vitu vya dunia ile kabla hajakaa. Unasema historia ya Ulaya hawaijui, ni kweli na hawaihitaji. Aliyekua anasikia hapo zamani za kale palikuwa na mfalme ana binti mmoja, anajua mfalme ni nani, anajua msitu una mazimwi, anajua mgeni akifika jioni anaomba pa kulala. Ukimwambia mbele yako kuna daraja na mzee amekaa anadai ushuru, hahitaji maelezo, anaanza kupatana au anaanza kutukana. Kwenye sayari yako lazima aulize kwanza, naweza kupumua hapa, hii silaha inafanya nini, hawa viumbe wana serikali? Mtu anayeuliza ruhusa kila dakika hachezi, anafanya mtihani. Hata fantasia yenyewe ikiwa ngeni sana inapata shida hiyo. Empire of the Petal Throne ya 1975 ilikuwa na dunia ya ajabu, ina lugha zake, koo zake, miungu yake, na walioipenda waliipenda mno, ila mgeni alikuwa anahitaji kujua adabu za watu wale kabla hajafungua mdomo, na haikuwahi kuenea kama ile ya ngome na majoka.

Sasa tiba. Hao Traveller walilijua hili zamani. Kwao chombo kikiruka kutoka nyota moja kwenda nyingine kinatumia kama wiki moja, na hamna redio inayokipita kwa kasi, kwahiyo habari haiwezi kufika kabla ya chombo kilichoibeba. Yaani wamechukua ule ucheleweshaji wa farasi na barua wakauweka angani, na gavana wa sayari ya mbali anakuwa kama lodi kwenye ngome yake, anafanya anachotaka maana hamna wa kumuuliza leo. Fanya hivyo. Ua mawasiliano, ua ile kompyuta inayojua kila kitu, wape taa zenye chaji ya kuhesabu, na uanze na kituo kidogo kimoja chenye watu kumi wanaowajua kwa majina. Usianze na ramani ya nyota 200. Wacheze mara tatu ndani ya kituo hicho tu ndo uwafungulie mlango wa nje.

SWALI: Hujambo kaka. Mimi ni dada wa Mombasa, nacheza kwa kompyuta usiku watoto wakilala. Mbona hizi gemu za fantasia bunduki hazimo, ama zimo kidogo sana? Mume wangu anabisha ati zama za kati bunduki zilikuwako, mimi nasema hapana. Nani ana haki?

JIBU: Sijambo dada. Hapa mzee wa nyumba ana haki, samahani. Baruti ilitoka China, na picha ya zamani kabisa ya mzinga inayojulikana Ulaya ni ya 1326, imo kwenye hati ya Mwingereza Walter de Milemete, kinaonekana chombo kama gudulia kubwa kimelazwa juu ya meza kinatema mshale mnene. Ile deraya kamili ya mabamba ya chuma kutoka kichwa mpaka kidole cha mguu, ile ambayo sisi wachezaji tunaipenda na tunaiwekea hela mchezo mzima, ilikuja kukamilika karibu na mwaka 1400. Maana yake ni kwamba mzinga umetangulia, halafu ndo knight wa kung'aa, yule askari wa farasi mwenye deraya, akafuata. Baadae mafundi wakawa wanaipiga risasi deraya mpya kabla ya kuuza, ikibonyea bila kutoboka ule mbonyeo unaachwa pale kifuani mnunuzi auone kwa macho yake.

Basi bunduki zimetolewa kwa makusudi, na mimi naona waliofanya hivyo walikuwa na akili. Pambano la gemu linataka muda. Unapigwa unapungua kidogo, unarudi nyuma, mwenzako anakufunika na ngao, mganga wenu anakutibu, adui anakutukana na wewe unamjibu, katikati ya hapo unaweza hata kumshawishi aache. Risasi inamaliza hayo maongezi yote. Halafu kuna suala la levo, raha ya gemu hizi ni kwamba mhusika wako alianza hajui kitu na sasa amekuwa hodari kwa mikono yake, bunduki ya haraka inampa mtu wa juzi uwezo ule ule na jasho lako la miezi linakuwa halina maana. Ushahidi ni kwamba bunduki ya polepole haiharibu kitu, Warhammer Fantasy Roleplay ya 1986 inazo kabisa, ila ukishafyatua kujaza tena ni kazi, wenzako wanakufa wewe bado unashindilia baruti, na watu wanaipenda hivyo hivyo.

Kwa vile mnabishana nyumbani nikuongezee na hii ya kumjibu. Zama za kati za kwenye gemu sio za kweli hata kidogo. Ulaya ya kweli watu wengi walikuwa wakulima, na wengi wao wamefungwa kwenye ardhi ya kabaila, hawezi kuamka asubuhi akachukua upanga akaenda kutafuta hazina bila ruhusa. Wachezaji wetu ni watu huru, hawana bosi, mfukoni wana dhahabu, na kwenye matoleo ya mwanzo ya Dungeons & Dragons kila sarafu ya dhahabu uliyotoka nayo shimoni salama ilikuwa inakupa pointi moja ya uzoefu, yaani utajiri ndo ulikuwa unakupandisha levo. Huo ukabaila umeachwa nje kwa sababu hakuna anayetaka kurudi kutoka kazini jioni akaigize mtu asiyeruhusiwa kutoka kijijini. Na deraya zenyewe watu wanazisingizia, nzima ina uzito wa kilo 15 mpaka 25, umetawanyika mwili mzima, mtu aliyezoea alikuwa anapanda farasi mwenyewe bila kunyanyuliwa, na upanga mrefu wa kawaida ni kama kilo moja na nusu.

Ukitaka zama za kati zilizo karibu na ukweli jaribu Kingdom Come: Deliverance ya 2018. Ni Bohemia, Czech ya leo, mwaka 1403, hakuna joka, hakuna uchawi, wewe ni mtoto wa muhunzi, hujui kupigana na hata kusoma hujui, ukifungua kitabu herufi zimechanganyika mpaka utafute mwalimu akufundishe. Hapo ndo utajua unachopenda ni zama za kati zenyewe au ni majoka. Wengi niliowapa hiyo wamegundua walikuwa wanapenda majoka, na hamna ubaya.

SWALI: Habari za kazi. Nimezaliwa Bujumbura naishi Toronto, nimepata kikundi cha kucheza nao hapa mtaani. Nilitaka mhusika wangu awe knight mweusi, jamaa mmoja akasema haiendani na zama za kati, wengine wakanyamaza tu. Nikaona isiwe tabu nikatengeneza elf, kile kiumbe wa hadithi mwenye masikio yaliyochongoka. Ila linanikereketa. Ningemjibu nini?

JIBU: Pole ndugu yangu, na waliokuumiza zaidi nadhani ni wale walionyamaza.

Mwambie atafute picha ya sanamu ya Mtakatifu Maurice kwenye kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani. Imechongwa kati ya 1240 na 1250 hivi. Ni askari amesimama, amevaa deraya ya minyororo imefunika mpaka kichwani imeacha uso tu, na uso wenyewe ni wa Mwafrika mweusi wazi kabisa, pua, midomo, rangi. Wajerumani wa karne ya 13 walikaa wakachonga knight mweusi wakamweka kanisani wamheshimu, sasa huyo wa Toronto anazijua zama za kati kuliko wao? Na kama anataka dhahabu, 1324 Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipita Cairo akienda kuhiji akagawa dhahabu nyingi mpaka bei yake ikashuka pale mjini.

Ila hata bila ushahidi huo usingepaswa kudaiwa kitambulisho. Nimeshasema juu kwamba hii dunia ya gemu inachagua, imetoa bunduki, imetoa ukabaila, imeongeza majoka, kwahiyo mtu akisimama kwenye rangi yako tu na kusema hapa historia ilindwe, hiyo sio historia anayoilinda. Ongea na msimulizi wenu pembeni, mwambie unamrudisha knight wako, na mtu mwenye busara atakubali hapo hapo. Akikataa tafuta meza nyingine, Toronto ni kubwa.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoa wa Lindi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanataka klabu ya hizi gemu, mimi nafundisha historia na ningependa kuwasaidia. Je, ni lazima iwe Ulaya? Tupo jirani na Kilwa.

JIBU: Mwalimu, barua yako imenifurahisha kuliko zote. Sio lazima kabisa, na wewe una bahati ambayo wengi hawana, wanafunzi wako wanaweza kuyaona magofu yenyewe kwa macho.

Vile vitu tulivyosema vinafanya zama za kati zinoge, habari kwenda polepole, serikali kuwa mbali, utajiri kuwa karibu na hatari, kila mchezaji kujua mazingira, Kilwa ya karne ya 14 inavyo vyote. Chagua mwaka 1331, mwaka ambao Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika pale akitokea Mogadishu na Mombasa. Sultani ni al-Hasan bin Sulaiman, anayejulikana kwa ukarimu, Ibn Battuta anaeleza kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alimuomba nguo alizovaa mwilini, na sultani akaingia ndani akazivua akampa. Kasri la Husuni Kubwa lipo juu ya jabali linatazama bahari, lina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Sarafu za shaba zina jina la sultani. Dhahabu inatoka bara kupitia Sofala, bandari ya kusini kwenye Msumbiji ya leo, na mfanyabiashara mmoja alimwambia Ibn Battuta kwamba Sofala ni safari ya nusu mwezi kutoka Kilwa na huko inakotoka dhahabu ni mwezi mzima tena mbele.

Kinachonipendeza zaidi ni upepo. Kaskazi inaleta vyombo kutoka Arabuni, kusi inavirudisha, ukichelewa kuondoka umekwama miezi pale pale. Kwenye gemu ya Ulaya msimulizi anahangaika kutafuta kitu cha kuwaharakisha wachezaji, wewe unacho tayari na watoto wa pwani wanakijua toka nyumbani. Waambie kusi inaanza wiki ijayo, nahodha hasubiri mtu, na bado hawajampata aliyeiba mizani ya msikitini, uone watakavyokimbia. Wape na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za minazi bila msumari, kinavuja muda wote, lazima mmoja akae anachota maji na kuyamwaga nje wakati wengine wanapigana, ni ule ule mkono wa mwenge niliomwambia yule kijana wa Dodoma.

Mazimwi na majini hutakosa, waachie wenyewe walete za kwao walizosikia kwa bibi zao, nyingine hata mimi na wewe hatujawahi kuzisikia. Nakuomba kitu kimoja tu, usiwafiche mabaya. Ibn Battuta anasema wazi sultani huyo alikuwa anapeleka mashambulizi bara na kugawa nyara, na watumwa walikuwepo. Amueni mapema nani katoka bara nani ni wa mjini, msikilizane, na mtu asilazimishwe kuigiza kitu kinachomuumiza mbele ya wenzake. Vijana wa umri huo wanayaweza mazungumzo hayo, wewe ni mwalimu unajua.

Kisa cha kuanzia ninacho. Mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ziliokotwa sarafu tano za Kilwa, na mpaka leo hakuna mwenye uhakika zilifikaje ng'ambo yote ile ya bahari. Wape wanafunzi wako jahazi, wape hizo sarafu tano mfukoni, waache wao ndo waeleze. Sheria zisikusumbue mwanzoni, kila mtu awe na vitu vitatu anavyoviweza na kimoja kinachomshinda, wakigombania jambo rusheni dadu, namba kubwa anashinda. Dadu za ludo za pande sita zinatosha, hizo za pande 20 mtaagiza klabu ikishasimama. Halafu niandikie walifika wapi.